Shetani Mgongoni mwa Baba Mkwe

Kama sehemu ya kwanza ya kisa hiki, katika gazeti la wiki iliyopita, ilikupita, hukukosa kitu ila aibu yangu, na hiyo inasimulika kwa ufupi.

Nilikwenda Ganshoren, hapa Brussels, nyumbani kwa kina Sumaya, binti ninayetaka kumwoa. Baba yake, Mzee Iddi, nilimpelekea zawadi: koti la sufu lenye mikono ya ngozi, la timu ya chuo kikuu kimoja cha Marekani, la miaka ya sitini, halisi, halijaguswa na nondo. Mzee alilivaa palepale. Aliuliza mnyama wa mgongoni ni mnyama gani. Nikafungua mdomo kueleza, pilau ikaingia, swali likafa.

Ijumaa akalivaa kwenda msikitini. Akasimama safu ya mbele.

Mgongoni mwa koti lile kuna shetani wa buluu mwenye pembe, ndevu za kidevuni na mkuki wa meno matatu. Safu ya pili nzima iliinama na kuinuka ikitazamana naye.

Hapo ndipo nilipoiacha habari. Sasa simu inalia.

"Abdul-Aziz."

Sumaya akiniita jina zima, mambo yameharibika.

"Naam."

"Umempa baba yangu shetani?"

"Nimempa koti."

"Lenye nini?"

"Lenye nembo ya timu."

"Nembo ya nini, Abdul-Aziz?"

"Ya shetani. Lakini kihistoria..."

"Usinianzie na kihistoria!"

Naomba wewe unisikilize, kwa kuwa yeye alikataa. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Ufaransa ilikuwa na askari wa milimani waliovaa sare za buluu na kofia za bereti. Watu waliwaita Mashetani wa Buluu. Vita vilipokwisha, wanafunzi wa chuo kimoja cha Karolina Kaskazini walikuwa wanatafuta jina la timu yao, wakalichukua hilo. Chuo chenyewe kilikuwa na uhusiano na Kanisa la Methodisti. Kwa hiyo mgongoni mwa Mzee Iddi hapakuwa na Ibilisi. Palikuwa na askari wa Kifaransa aliyechorwa vibaya.

Huo ni ukweli, nao ulikuwa kichwani mwangu siku nilipotoa zawadi. Nilidhani unatosha.

"Unajua imamu alimwambia nini baba baada ya swala?" Sumaya akaendelea. "Alimuuliza, 'Mzee Iddi, huyo mgeni wako naye ametawadha?' Watu wakacheka mpaka nje kwenye viatu. Baba hakucheka. Shangazi amelitoa koti nje, kwenye roshani. Anasema halilali ndani."

"Mvua inanyesha," nikasema. "Linaloa?"

"Posa yako inakufa, na wewe unauliza koti linaloa?"

"Sufu ya zamani ikiloa inasinyaa."

Akakata. Baadaye ukaja ujumbe: Jumapili baada ya Adhuhuri. Njoo na mshenga wako. Usije na historia.

Mshenga wangu ni Tonton Numbi, yaani Mjomba Numbi, na yeye pia ndiye mwajiri wangu. Ndugu zangu wote wako Ujiji. Hapa Brussels sina mzee wa kunisemea. Numbi ni Mkristo wa Likasi, Kongo, lakini yeye na Mzee Iddi waliendesha mabasi pamoja kabla Numbi hajafungua duka mtaa wa Saint-Gilles, na urafiki wa madereva hauulizi mtu anasali wapi.

Duka linauza nguo kuukuu za vyuo vya Marekani: makoti, fulana, kofia za timu. Wateja ni vijana wa Ixelles wanaopenda kuvaa jina la chuo ambacho hawana nia ya kusomea. Kazi yangu ni kuthibitisha. Nina digrii mbili za historia. Natazama lebo, zipu, mshono, rangi ya uzi, nasema: hili ni la kweli, hili limetengenezwa juzi. Najua pia kila mnyama wa kila timu alikotoka. Kuna chuo cha Kalifornia ambacho mnyama wake ni konokono wa manjano asiye na gamba.

"Konokono!" Numbi akapiga meza nilipomweleza yaliyotokea. "Docteur, ulikuwa na konokono, na wewe ukapelekea papa ya Muislamu shetani?"

"Konokono hakuwa na koti la saizi ya Mzee."

"Bon. Sikia. Ile siyo shetani. Ile ni mbuzi."

"Si mbuzi, tonton."

"Iko na pembe?"

"Ana pembe."

"Iko na kandevu?"

"Anazo."

"Alors? Unataka mbuzi ikupe carte d'identité?"

"Ana mkuki."

Numbi akafikiri. Hafikiri sana, lakini anafikiri haraka.

"Ni fimbo ya kuchungia."

"Mbuzi anajichunga mwenyewe?"

"Amerika, docteur. Kule kila muntu anajichunga yeye mwenyewe." Akanielekezea kidole. "Dimanche, mi njo minasema. Weye utakula, utacheka, utanyamaza. Mwenye kuoa hasemi. Kwenu Ujiji si njo vile?"

Ndivyo. Kwetu anayeposa anasemewa. Nikaahidi kunyamaza. Niliahidi kwa nia njema kabisa.

Jumapili tukakaribishwa. Mzee Iddi alikuwa amevaa sweta mbili, moja juu ya nyingine, na kila baada ya muda macho yake yalikwenda kwenye kioo cha roshani. Koti lilikuwa kule nje, limetundikwa kwenye waya wa nguo, mgongo umegeuziwa majirani.

Shangazi Aziza, dada wa Mzee, alikaa katikati ya kochi. Yeye ndiye aliyemlea Sumaya tangu Bujumbura. Mzee Iddi ndiye mwenye nyumba, lakini wenye akili humsalimu kwanza Shangazi Aziza.

Sumaya alileta sambusa, hakunitazama, akarudi jikoni.

"Papa Iddi, Maman Aziza," Numbi akaanza, amefumbata mikono kama mchungaji wa kanisa. "Tumekuya na amani. Kuko malentendu, kutosikilizana kidogo. Nimesikia banasema huyu mutoto alileta shetani. Mi nikacheka! Mi nimekomalea na mbuzi kule Likasi. Mbuzi minajua. Ile ni mbuzi."

"Mbuzi?" Shangazi Aziza akasema.

"Mbuzi, maman. Ya Amerika."

"Amesimama kwa miguu miwili."

"Anafika kwa majani ya juu."

"Na mkuki?"

Numbi akatoa hoja ya kuchunga. Nilitegemea tufukuzwe. Badala yake Mzee Iddi akacheka. Kilikuwa kicheko cha mtu anayeona basi la mwisho halijaondoka.

"Aziza, sikukwambia? Wallahi nilisema! Nilipoliona tu nikasema, huyu ni beberu!"

"Hukusema," Shangazi Aziza akajibu, lakini sauti yake ilikuwa imelegea. Alichukua sambusa. Numbi naye akachukua sambusa. Mzee Iddi alikuwa tayari ameshika mkono wa kiti ili ainuke aende kwenye roshani.

Ndipo Shangazi akanigeukia.

"Na wewe msomi? Umekaa kimya kama mwali."

Nikatabasamu, kama nilivyoagizwa.

"Kazi yako si ndiyo hii? Basi tuambie na sisi. Ni mbuzi?"

Numbi alinikanyaga mguu. Ana mguu mzito.

Nilitaka kunyamaza, hilo naliandika bila kutia chumvi. Lakini mtu alikuwa ameuliza swali la wazi, katika fani yangu, na jibu nilikuwa nalo.

"Hapana, shangazi. Ni shetani. Lakini..."

Baada ya "lakini" nilieleza kila kitu: milima, askari, Wamethodisti. Nilieleza vizuri, kwa mpangilio. Nilipofika kwenye bereti, Numbi alikuwa amesimama anavaa koti lake.

"Papa Iddi, pardon," alisema. "Mi banilileta nikuwe kinywa ya huyu mutoto. Kumbe iko na yake. Donc mi narudisha ya kwangu nyumbani."

"Numbi, kaa, ndugu yangu," Mzee Iddi akamsihi.

"Apana. Muntu akikataa neno ya mushenga wake mbele ya bakwe, mushenga iko nini? Iko kiti." Akanitazama. "Na lundi, kesho, docteur, usikuye ku boutique. Pumzika. Pumzika sana."

Akachukua sambusa nyingine, akatoka.

Sasa sikuwa na mshenga, na huenda sikuwa na kazi. Mtu mwenye busara angeinuka aage. Lakini Shangazi Aziza alisema jambo lingine, na lile jambo halikuwa sahihi.

"Tangu tutoke Buyenzi, kule Bujumbura," alisema, mkono kifuani, "nyumba yangu haijaingiwa na shetani. Mpaka wewe."

"Kwa usahihi, shangazi," nikasema, "yumo."

Wote wawili walitazama nyuma yao.

"Wapi?"

Nikaelekeza juu ya televisheni. Palitundikwa skafu nyekundu ya timu ya taifa ya Ubelgiji, zawadi ya madereva wenzake siku Mzee Iddi alipostaafu.

"Mashetani Wekundu," nikaeleza. "Jina hilo lilitoka kwa mwandishi mmoja wa habari za michezo mwaka 1906, kwa jinsi walivyocheza. Limeandikwa palepale: Diables. Kwa hiyo kama jina tu ndilo kosa, kosa lilianza zamani."

Nilidhani nimemwokoa Mzee. Hoja ilikuwa safi: kama skafu inaruhusiwa, koti pia linaruhusiwa. Sikuona kwamba hoja hiyo ina mlango wa pili.

Shangazi Aziza aliitazama skafu. Anakijua Kifaransa vizuri kuliko sote. Amewashangilia vijana wale tangu alipofika nchi hii; Kombe la Dunia lile walipofika nusu fainali, Sumaya ananiambia, alipiga vigelegele mpaka jirani Mflamandi akaja kuuliza nani anaolewa. Neno alikuwa analisoma kila siku. Hakuwahi kulisikia.

Akainuka. Akaitungua skafu. Akafungua mlango wa roshani, baridi ikaingia, akaitundika kando ya koti.

Akarudi akachukua kikombe cha timu.

Akarudi akachukua mto wa kochi.

"Aziza," Mzee Iddi akasema kwa sauti ndogo, "na kofia yangu?"

"Inafuata."

Mzee alitazama mali zake zikihamia mvuani. Kisha akanitazama mimi.

"Mwanangu, ulikuja na shetani mmoja. Sasa wako wangapi?"

Nikaanza kuhesabu. Sumaya alitokea jikoni, akanishika mkono wa shati, akanivuta.

Jikoni alifunga mlango, akafungua bomba la maji ili tusisikike.

"Ingekugharimu nini kusema mbuzi?"

"Si mbuzi."

"Najua si mbuzi! Baba anajua si mbuzi! Ameendesha basi katika mji huu maisha yake yote, atashindwa kumtambua shetani wa katuni? Shangazi anajua kuliko wote. Hata imamu, ukimwambia mbuzi, atasema alhamdulillahi, kwisha. Tonton Numbi alileta mlango, Abdul. Baba akaingia. Shangazi alikuwa na mguu mmoja ndani. Wewe ukaja ukaubamiza."

"Basi kwa nini aliniuliza?"

"Alikuwa anakukaribisha na wewe uingie!"

Nililifikiria hilo. Ni kweli kwamba taarifa hiyo sikuwa nayo.

"Hakusema hivyo," nikasema.

"Alisema kwa uso!" Akafuta macho kwa kiganja, kwa hasira, kama mtu anayefuta meza. "Nisikilize. Mimi wewe nakutaka. Sijui kwa nini, lakini nakutaka. Shangazi akisema hapana, baba hawezi kusema ndiyo, na mimi sitaolewa kwa kutoroka. Umeelewa? Ukiulizwa kitu kingine chochote leo, usikimbilie kujibu. Mtazame kwanza aliyekuuliza. Uso wake ukuambie anataka nini. Halafu ndiyo ujibu."

"Na kama uso unataka uongo?"

"Ah, mon Dieu," Sumaya akasema, akafunga bomba. "Nenda kakae. Naleta chai."

Nikarudi sebuleni. Ukuta juu ya televisheni ulikuwa na alama nyeupe mahali pa skafu. Mzee Iddi alikuwa ameinamia magoti yake, lakini hakuwa na hasira tena. Alikuwa anafikiri.

"Aziza anataka nikufukuze," alisema. "Mimi nimemwambia asubiri. Miaka yote ile kwenye basi nimesikia uongo wa kila lugha. Huyu kasahau tiketi, huyu kaibiwa, huyu mama yake mgonjwa. Wewe umepewa uongo umeshapikwa, umepakuliwa, ni kumeza tu. Ukaukataa mbele ya posa yako mwenyewe. Mpumbavu ni mpumbavu, sawa. Lakini mpumbavu wa namna hii binti yangu atajua siku zote yuko wapi."

Sijawahi kusifiwa vile. Nilihisi kitu kifuani ambacho sikumbuki kukihisi kabla.

Shangazi Aziza aliitikia kwa kichwa, polepole. Alikuwa amekaa tena katikati ya kochi, mahali palipokuwa na mto.

"Sawa, Iddi. Nimekusikia. Basi na mimi nina swali langu. Dogo tu, la koti. Akinijibu kweli, nalirudisha ndani mimi mwenyewe, na posa tunaipokea."

"Muulize!" Mzee Iddi akasema, na macho yake tayari yalikuwa kwenye kioo.

Mlango wa jikoni ulifunguka. Sumaya aliingia na sinia la chai.

"Koti hili," Shangazi akauliza, "ulilipata wapi?"

Hilo ndilo swali la kwanza katika kazi yangu. Nguo isiyojulikana ilikotoka ni tambara.

"Tongeren, shangazi. Kwenye soko la vitu vya kale, lile la Jumapili."

"Jumapili gani?"

Hapo nikasita. Nilikuwa naiona barafu iliyo mbele, lakini miguu ilishaanza kuteleza.

"Ile ya mwezi uliopita," nikasema.

"Mwezi uliopita nakumbuka Jumapili moja," Shangazi Aziza akasema. "Tulimsomea hitima marehemu mume wangu. Watu walijaa mpaka kwenye ngazi. Sumaya hakuwepo. Alikuwa zamu, kule kwenye nyumba ya wazee. Maskini, alilia kwenye simu." Akanyoosha kitenge chake magotini. "Ni Jumapili hiyo?"

"Ndiyo hiyo."

Sumaya alisimama na sinia palepale mlangoni.

"Na kule Tongeren ulikuwa na nani?"

Nilikuwa na Sumaya. Tulizunguka meza za wauzaji mchana kutwa. Kwenye treni ya kurudi kulikuwa na baridi, tukalitandika koti magotini mwetu, mgongo ukiwa chini, kwa hiyo hakuwahi kumwona shetani. Alisema baba yake atalipenda. Zamu hakuwa nayo. Huo ndio ukweli, na mtu aliyesifiwa sasa hivi kwa ajili ya kusema ukweli ni mimi.

Nikakumbuka maagizo. Sikukimbilia. Nilimtazama Shangazi Aziza usoni.

Alikuwa anatabasamu. Tabasamu la upole, la mama mtu mzima, lenye vishimo mashavuni. Nikakusanya ushahidi nilionao: uso ule ulikuwa unanikaribisha. Mlango ulikuwa wazi. Safari hii nisingeubamiza.

"Nilikuwa peke yangu," nikasema.

Ulikuwa uongo wangu wa kwanza tangu niwe mtu mzima, na niliusema vizuri. Sikupepesa macho. Nilimwona Sumaya akishusha pumzi. Nilijisikia, kwa mara ya kwanza, kama mtu wa nyumba ile.

"Peke yako," Shangazi akarudia.

"Peke yangu, shangazi."

"Si umeona!" Mzee Iddi akainuka. Alikuwa ameshafika kwenye mlango wa roshani, mkono kwenye kitasa.

"Iddi, ngoja."

Shangazi Aziza aliingiza mkono kwenye pindo la kitenge chake. Akatoa kitu kidogo, akakiweka mezani, katikati ya sambusa na sukari. Ilikuwa glovu ya sufu ya kijani, yenye ukingo wa manjano, ya mkono wa kushoto.

"Kabla sijatundika kitu nje," alisema, "mimi hukagua mifuko. Glovu hii nimeifuma mwenyewe. Niliambiwa ilipotelea kazini."

Siku nilipolinunua koti nilikagua lebo. Nilikagua vifungo, mshono wa ndani, ngozi ya mikono, uzi wa nembo. Baada ya treni sikurudia kukagua mifuko. Mfuko hausemi umri wa nguo.

Mzee Iddi aliachia kitasa.

"Wewe ni mtu ambaye hawezi kusema uongo, mwanangu," Shangazi Aziza akasema, na lile tabasamu lilikuwa palepale, halijasogea. "Tumekubaliana hivyo hapa sasa hivi. Basi nisaidie. Hii ni ya nani?"

Sumaya alitua sinia sakafuni. Akanyoosha mkono wake wa kushoto.

"Ni yangu, shangazi."

"Najua ni yako," Shangazi akasema, bila kugeuka. "Nimemuuliza yeye."